Reki bado iko kwenye klampu: jiometri ya sasipenshoni ya mbele kwa gari la kujijengea

Posho_Mill, Nakuru

Wakuu, habari za jioni.

Riziki yangu ni mashine za posho. Nanyoosha shafti, nabadilisha beringi, napanga puli mpaka mkanda uache kuruka. Milimita hazinitishi. Kinachonitisha sasa ni kitu ambacho ukikipima kimesimama kinakupa jibu moja, kikianza kupanda na kushuka kinakupa jingine.

Nyuma ya nyumba hapa Section 58 nina chasisi ya paipu za mraba za inchi moja, geji 16, umbo lile la Lotus Seven ya 1957: pua ndefu, viti viwili karibu ukalie ekseli, magurudumu ya mbele yakiwa wazi nje ya bodi. Injini, gia boksi na ekseli ya nyuma ni za Toyota DX ambayo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu yote. Nyuma kumekamilika. Mbele nimetengeneza mikono ya juu na ya chini mwenyewe, na nako (vile vyuma vinavyobeba hab ya gurudumu) zimetoka kwa pikapu kuukuu yenye boljointi, viungo vinavyogeuka pande zote, juu na chini. Mambo ya NTSA (mamlaka ya usafiri) na namba naomba tuyaache, kuna siku nitayaletea uzi wake.

Vipimo hivi hapa, gari likiwa kwenye kimo chake cha barabarani, marobota matatu ya unga yakiwa kwenye kiti cha dereva (robota moja ni kilo 24, kwa hiyo ni mimi huyo baada ya chakula). Namba ya kwanza ni milimita kutoka mstari wa katikati ya gari, ya pili ni kimo kutoka sakafuni:

Boljointi ya chini 640 na 165. Boljointi ya juu 615 na 415. Bushi za mkono wa chini 235 na 175. Bushi za mkono wa juu 300 na 385. Tundu la tairodi (fimbo inayotoka kwenye reki kwenda kugeuza gurudumu) kwenye mkono wa stia 635 na 215. Mkono huo wa stia unaangalia mbele na una urefu wa 120. Kati ya matairi mawili, katikati kwa katikati, ni 1400.

Sasa reki, kile chuma kirefu kinachopeleka mzunguko wa usukani kushoto na kulia. Niliyopata ina 560 kati ya boli zake mbili za ndani, zile ambazo tairodi zinaanzia. Kuna paipu ya chasisi imekaa vizuri sana pale mbele, ukifungia reki juu yake boli hizo zinakuwa kimo cha 240. Mafundi wawili wa huku wamekuja, wakatazama, wakaniambia nifunge hapo nipeleke gari alaimenti, mashine itanyoosha kila kitu.

Mimi nimeishika kwa klampu tu. Kuna kitu kinanikataza kuchomelea. Ninachotaka kujua: ile 25 ya tofauti ya kimo kati ya reki na tundu la tairodi ina maana yoyote, au natafuta kazi pasipo kazi?

---

Kibuye_Tena, Kisumu

Kaka, unafikiria sana. Funga hapo kwenye paipu. Sisi huku tumebadilisha reki za Probox mpaka hatuzihesabu, tunafunga, tunapeleka alaimenti, mteja anaenda Busia na kurudi bila malalamiko.

Ila nikuulize kitu. Hiyo reki umetoa gari gani? Kama ni kagari kadogo ka Toyota kanakovutwa na magurudumu ya mbele, reki yake huwa inakaa nyuma ya ekseli. Ukiileta mbele hivyo hivyo, ukikata kushoto gari litaenda kulia. Jaribu kwa mkono kabla ya mambo mengine: zungusha shafti ya stia kushoto, boli za reki lazima nazo ziende kushoto. Zikienda kulia, rudisha kwa aliyekuuzia.

---

Posho_Mill, Nakuru

Nimetoka kuijaribu sasa hivi kwa tochi. Shafti kushoto, boli kushoto. Ilitoka kwa gari ambalo reki yake ilikuwa mbele ya ekseli tangu kiwandani. Lakini asante, hilo sikulisikia kwa mtu mwingine.

---

Mzee_Springi, Kisumu

Kijana wangu wa Nakuru, usichomelee.

Kibuye_Tena ni fundi mzuri, na swali lake la reki ni la mtu aliyeshika kazi. Lakini Probox ilichorwa na watu walioamua matundu ya reki yakae wapi kabla yeye hajashika spana. Akifunga reki nyingine ya Probox mahali pale pale, amerithi hesabu yao. Wewe huna cha kurithi. Matundu ni yako.

Mashine ya alaimenti inaona gari lililosimama. Itakupa kemba (gurudumu linavyolala ndani au nje), kasta (nako inavyolala kurudi nyuma) na tou (magurudumu yanavyoelekeana au kuachana kwa mbele) za sekunde ile gari limetulia sakafuni. Haijui gurudumu linafanya nini likipanda tuta. Na gari lako ni jepesi, magurudumu yatakuwa yanacheza juu na chini wakati wote, hasa ukitoka lami.

Elewa kinachotokea. Gurudumu likipanda, boljointi mbili zinachora pinde, moja kutoka bushi za juu na nyingine kutoka bushi za chini. Tundu la tairodi limeshikwa kwenye nako, kwa hiyo nalo linafuata njia ambayo mikono miwili imeliamuru. Tairodi nayo ina upinde wake kutoka boli ya reki. Pinde hizo zikikubaliana, gurudumu linapanda likiwa limenyooka. Zikikataana, nako haina la kufanya ila kujipinda, na gari linajikatia stia lenyewe wewe ukiwa umeshika usukani sawa. Wanaita bampu stia. Nimeendesha pikapu yenye ugonjwa huo kutoka Ahero mpaka Awasi na mikono iliuma kuliko mgongo.

Kwako wewe, reki ikiwa mbele ya ekseli na boli zake zikiwa juu mno, gurudumu likipanda tairodi italisukuma upande wa mbele litoke nje. Likishuka, itavuta ndani. Kila tuta la upande mmoja litakutupa.

Halafu kuna mpangilio wa kazi, na watu wengi wanauvuruga. Kimo cha gari kwanza, hilo umeshafanya. Kisha kasta, kisha kemba, kisha ndipo uguse reki. Tou mwisho. Kasta lazima itangulie reki kwa sababu ukisogeza boljointi ya juu kurudi nyuma, nako yote inalala na ncha ya mkono wa stia inapanda. Kwa mkono wako wa 120, kila digrii moja ya kasta inainua ncha milimita mbili hivi. Ukipanga reki leo kisha kesho ukaongeza kasta digrii tatu, umejiharibia kazi kwa milimita sita.

Je, hiyo 215 uliipima ukiwa na kasta ngapi?

---

Posho_Mill, Nakuru

Shikamoo mzee. Kasta nimeweka digrii 5 pande zote, na 215 nilipima baada ya hapo.

Nilipima hivi, uniambie kama iko sawa. Sakafu nilisawazisha kwa mpira wa maji, ule wa mafundi wa ujenzi, vigae vikawa chini ya kila tairi mpaka maji yakalingana. Chini ya matairi ya mbele nikaweka vigae viwili viwili vyenye grisi katikati ili gurudumu ligeuke bila kukwaruza. Nikageuza gurudumu digrii 20 nje, nikasoma kemba kwa simu, nikageuza 20 ndani, nikasoma tena. Tofauti ilikuwa 3.4. Nikazidisha kwa 1.5, ikaja 5.1.

---

Mzee_Springi, Kisumu

Hiyo ni sawa kabisa. Wewe si wa kufundishwa mengi.

---

Chora_Kwanza, Kakamega

Kaka Posho Mill, ulipoandika namba zote zile nilikaa nikazichora, maana ni nadra mtu kuuliza swali akiwa na vipimo.

Vuta mstari wa mkono wa juu kupitia boljointi na bushi, uendelee kuelekea upande wa pili wa gari. Fanya hivyo kwa mkono wa chini. Kwako mistari inakutana mbali, milimita 1464 ng'ambo ya mstari wa katikati, kimo cha 217. Hapo ndipo gurudumu lako linapozunguka kwa sasa, ingawa hakuna chuma chochote pale. Ukivuta mstari mwingine kutoka tairi linapogusa sakafu mpaka nukta hiyo, unakata katikati ya gari kwenye kimo cha 70. Hicho ndicho kitovu cha kulala kwa gari kwenye kona, na 70 ni kimo kizuri kwa gari fupi kama hilo.

Tairodi nayo lazima ielekee nukta hiyo hiyo. Tundu lako liko 215 na nukta iko 217, umbali wa zaidi ya mita mbili. Maana yake tairodi yako inatakiwa iwe karibu sambamba na sakafu: boli ya reki iwe 215, si 240. Na kwa upana, boli ikae kwenye mstari unaounganisha bushi za chini na za juu. Kwa kimo hicho mstari unapita 247.5 kutoka katikati. Reki kamili kwako ingekuwa na 495 kati ya boli. Yako ina 560, kwa hiyo kila tairodi itakuwa fupi kwa milimita 32 hivi.

Una kasoro mbili, basi, na hazilingani hata kidogo.

Ya upana: gurudumu likipanda 50, tairodi fupi itavuta mkono wa stia ndani kwa milimita 0.3. Kwa mkono wa 120 hiyo ni digrii 0.14.

Ya kimo: ukifunga kwenye paipu yako, kwa 50 hiyo hiyo mkono wa stia unasukumwa nje kwa milimita 3.2. Ni digrii moja na nusu. Ukipima kwenye rimu ya inchi 13, mbele na nyuma zinatofautiana karibu milimita 9. Watu wanaenda alaimenti kurekebisha milimita moja!

Kwa hiyo upana unaweza kuusamehe. Kimo usikisamehe.

Kingine nilichoona ni kwamba gurudumu likipanda 50 litaongeza kemba hasi kwa digrii 1.5 hivi. Usianze na kemba kubwa. Hasi 0.75 ikiwa imesimama itatosha, la sivyo matairi yataisha upande wa ndani.

---

Kibuye_Tena, Kisumu

Dada, digrii moja na nusu kwa sababu ya inchi moja ya paipu? Nimenyamaza.

Lakini kama upana nao ni kasoro, si akate reki apunguze 65, achomelee?

---

Mzee_Springi, Kisumu

Hapana. Hapana tena. Reki haikatwi, na mkono wa stia haupashwi moto ukapindwa. Hivyo ni vyuma vilivyopikwa kiwandani kwa ugumu maalum, ukiviweka motoni hujui tena una nini mkononi. Kitu chochote kati ya usukani na tairi, kama hakikutoshi tafuta kingine. Welding ni ya mabano na chasisi.

Ile 0.3 aliyoipata dada, Posho Mill hata hataisikia kwenye kiti.

Posho Mill, fanya hivi. Tengeneza mabano mawili ya bamba la milimita 5 yaning'inie chini ya ile paipu, reki ikae chini kiasi kwamba unahitaji washa kuileta kwenye 215. Usitengeneze ikae 215 kamili. Ukiiacha na nafasi ya washa za milimita tano sita hivi, utaweza kuipandisha na kuishusha baadaye bila kuwasha mashine ya welding. Na mabano yafungwe pembe kwa pembe, maana reki inasukumwa kwa upande kila unapokata kona. Bano likipinda nusu milimita, hesabu yote ya dada imeenda.

Bolti ziwe za nguvu, daraja 8.8, nati za nailoni.

---

Posho_Mill, Nakuru

Mabano nimekata leo, nimeyashika kwa nukta nne kila moja. Sasa nataka kupima gurudumu likipanda na kushuka. Wazo langu lilikuwa kufunga leza ndogo kwenye hab iangalie ukuta mita nne mbele, nione nukta inakwenda wapi nikiinua kwa jeki. Kwa mita nne hata digrii 0.1 ni milimita saba ukutani. Itafaa?

---

Chora_Kwanza, Kakamega

Itakudanganya kidogo. Gurudumu likipanda halijipindi tu, linasogea pia kwa upande kwa sababu mkono wa chini unachora upinde. Kwako ukipanda 50 boljointi ya chini peke yake inaingia ndani kama milimita mbili. Leza itakuonyesha mbili hizo zimechanganyika na tou, na hutajua ipi ni ipi.

Pima sehemu mbili. Funga ubao ulionyooka au bamba kwenye hab badala ya rimu, uweke alama mbili, moja mbele na moja nyuma, umbali wa 330 kati yao. Vuta uzi wa nailoni kando ya gari, sambamba na mstari wa katikati. Pima kutoka uzi hadi alama ya mbele, na kutoka uzi hadi alama ya nyuma. Gurudumu likisogea zima zima namba zote mbili zinabadilika sawa. Likijipinda, zinatofautiana. Wewe unataka tofauti tu.

---

Mzee_Springi, Kisumu

Na kabla ya hapo toa springi na shokomzoba, maana huwezi kupima kitu unachopigana nacho. Weka jeki chini ya boljointi ya chini. Reki ifunge katikati kabisa isitembee: hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu, kisha klampu. Panda 10, andika. Panda 10 nyingine, andika. Mpaka 50 juu, kisha 50 chini.

Ukiweka namba kwenye karatasi ya miraba utaona umbo. Mstari ulionyooka lakini umeinama, kimo cha reki si sahihi. Mstari uliopinda kama bakuli, urefu wa tairodi si sahihi. Ukiwa na vyote viwili utapata bakuli lililoinama, na hapo anza na kimo.

---

Posho_Mill, Nakuru

Namba zimekuja. Boli za reki ziko 215, kushoto na kulia zinalingana ndani ya nusu milimita.

Kwenye 50 juu, upande wa mbele umeingia ndani 0.9. Kwenye 50 chini, umeingia ndani 0.7. Hapo katikati namba zinashuka taratibu mpaka sifuri. Ni bakuli, mzee, na limeinama kidogo sana. Dada alisema digrii 0.14, nikipiga kwa 330 inakuja 0.8. Nilikaa kwenye debe nikatazama karatasi kwa muda. Mke wangu akauliza kama nimeumia.

Kwa ajili ya kujua tu, nikapandisha reki kwa klampu mpaka kimo cha ile paipu, 240, nikarudia. Nilipofika 30 juu tofauti ilikuwa imepita milimita 4 kwenda nje, nikaacha. Gari hilo nisingeliendesha hata hadi Lanet.

Swali la mwisho: niiache 215, au kuna cha kuboresha?

---

Chora_Kwanza, Kakamega

Unaweza kuchagua. Ukipandisha reki milimita 1, kwenye 50 juu unapata 0.35 ya kwenda nje kwa ubao wako. Ukipandisha 2, ile 0.9 ya juu inabaki 0.2, lakini 0.7 ya chini inakuwa 1.4. Huwezi kuondoa zote mbili na reki hiyo, unaamua tu ipi ikae wapi.

---

Mzee_Springi, Kisumu

Pandisha 2. Kwenye kona gurudumu lililobeba uzito ni lile la nje, na ndilo lililopanda. La ndani limeshuka, linagusa barabara kama mgeni, tou yake haina nguvu ya kukusumbua. Nyoosha lile linalofanya kazi.

Tou ya kusimama weka ndani milimita 1.5 kwa jumla, kushoto na kulia pamoja, kwa gari linalosukumwa na nyuma. Kisha rudisha springi, kaa kwenye kiti, gari litikiswe, upime tena.

---

Kibuye_Tena, Kisumu

Na ile habari ya gurudumu la ndani kukata zaidi kuliko la nje? Mkono wa stia wa Posho Mill umenyooka mbele, haukuinama popote.

---

Chora_Kwanza, Kakamega

Umeona vizuri. Hiyo ni Ackermann, aliyeisajili London mwaka 1818 kwa magari ya farasi. Kwa mkono unaoangalia mbele, ncha ingetakiwa iende nje kuelekea tairi. Kama kati ya ekseli ni mita 2.3 hivi, ingeenda nje milimita 33, na hapo ingegonga diski. Ndiyo maana kwake magurudumu yanakata karibu sawasawa. Atasikia tairi likikwaruza akigeuza gari kwa kasi ndogo mahali finyu. Barabarani hatasikia kitu.

---

Posho_Mill, Nakuru

Kwaruza nitaivumilia. Washa za milimita 2 zimeingia, juu nasoma 0.2, chini 1.4, kama alivyosema dada. Kemba hasi 0.75, kushoto na kulia. Mabano nachomelea kesho asubuhi kabla umeme haujaanza kucheza, kidogo kidogo huku na huku ili joto lisivute paipu, na reki ikiwa imefungwa mahali pake.

---

Mzee_Springi, Kisumu

Itoe reki, weka chuma cha kawaida chenye matundu yale yale mahali pake. Joto litaua mpira wa reki na grisi. Ikipoa, irudishe upime 50 juu na 50 chini tena, maana weldi huvuta. Halafu kata stia mwisho kushoto na mwisho kulia, gurudumu likiwa juu kabisa na likiwa chini kabisa, uangalie mpira wa breki haujanyooka wala kugusa tairi.

---

Posho_Mill, Nakuru

Mpira wa breki wa kulia ni mfupi. Natafuta mwingine kesho.